Wanaotoka na wanaorudi: Ukatoliki wa Kigali ukitazamwa kutoka Rebero

Rebero ni kilima cha kusini mwa Kigali, wilaya ya Kicukiro, na aliyesimama juu yake ana jiji zima mbele ya macho. Siku hizi kimejaa nyumba za kifahari, hoteli na kumbi za harusi. Kabla ya hapo kilijulikana kwa mambo mazito zaidi. Aprili 1994 askari wa jeshi la waasi la RPF waliokuwa wamewekwa katika jengo la bunge walikiteka, na watu waliokuwa wakiwindwa wakapata pa kukimbilia. Baadaye pakawa makaburi. Wamezikwa hapo maelfu ya waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na pamoja nao wanasiasa waliouawa kwa sababu waliupinga mpango huo. Ndiyo maana kila tarehe 13 Aprili juma la maombolezo ya taifa huhitimishwa Rebero.

Ukishuka kuelekea Gatenga unakuta sura nyingine ya Rwanda. Kuna kituo cha vijana cha Wasalesiani wa Don Bosco, na kuna Zion Temple, kanisa la kilokole lililoanzishwa na Paul Gitwaza mwaka 1999 ambalo leo linajaza maelfu. Jumapili asubuhi watu wa mtaa mmoja, mara nyingine wa nyumba moja, huagana njiani: mama anaelekea misa, binti anaelekea kwenye ibada yenye ngoma na vipaza sauti, na kaka mtu yuko kitandani bado, ingawa kwenye daftari la parokia aliyobatiziwa yeye ni Mkatoliki wa kipaimara.

Kwa nini wengine hutoka na wengine hurudi? Jibu linalokuja haraka mdomoni ni mwaka 1994: makanisa yaligeuka machinjio, watu wakayakimbia. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini likiachwa peke yake linaficha mengi.

Tuanze na sensa. Mwaka 1991 zaidi ya asilimia 60 ya Wanyarwanda walijiandikisha kuwa Wakatoliki. Mwaka 2002 walikuwa chini kidogo ya asilimia 50. Mwaka 2012 wakawa karibu asilimia 44, na mwaka 2022 asilimia 40. Anguko kubwa lilikuja kati ya sensa ya kwanza na ya pili, kama mtu angetarajia. Lakini mteremko haukuishia hapo. Kijana aliyehesabiwa mwaka 2022 akiwa na miaka 25 alizaliwa baada ya mauaji. Hakuwahi kujificha chini ya madhabahu, na hakuna padri aliyemsaliti. Ameondoka kwa sababu zake, na sababu hizo zinataka maelezo yake.

Tena asilimia ni jambo moja na vichwa ni jingine. Nchi ilikuwa na watu milioni 10.5 mwaka 2012 na milioni 13.2 mwaka 2022, kwa hiyo Wakatoliki wenyewe waliongezeka kutoka takriban milioni 4.6 hadi milioni 5.3. Paroko wa Kigali anayetazama benchi zake Jumapili haoni kanisa linalokufa. Anaona watu wamesimama hadi nje. Pengine hilo ndilo tatizo lake la kwanza: katika umati kama ule, aliyekosekana haonekani kwamba amekosekana.

Ili kuelewa wanavyotoka, ni lazima kukumbuka walivyoingia. Wamisionari Wakatoliki walioitwa Mapadri Weupe walifika Save mwezi Februari 1900. Kwa miaka thelathini hivi kazi ilikwenda polepole. Mwami Yuhi Musinga aliikataa dini hiyo, na mwezi Novemba 1931 Wabelgiji wakamwondoa madarakani wakamweka mwanawe, Mutara Rudahigwa. Machifu walielewa upepo unakoelekea. Katika miaka ya 1930 watu walimiminika kwenye misheni kwa wingi hata wamisionari wenyewe wakasema ni tufani ya Roho Mtakatifu. Rudahigwa alibatizwa mwezi Oktoba 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi yote chini ya Kristo Mfalme. Mnyarwanda wa zama hizo alikuwa na msemo wake, irivuze umwami: limekwisha kusemwa na mfalme. Ubatizo ulikuwa imani kwa wengi, sina shaka, lakini pia ulikuwa njia ya shule, ya kazi ya ukarani, ya kuonekana mtu.

Kanisa lililojengwa hivyo lilizoea kukaa karibu na enzi. Enzi ilipobadilika, nalo lilibadilika. Mwezi Februari 1959 Askofu André Perraudin, Mswisi, alitoa barua ya kichungaji ya Kwaresima iliyozungumzia haki ya jamii kwa kuwataja watu kwa makundi ya kikabila, na mabishano kuhusu barua ile hayajaisha hadi leo. Baadaye Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikaa kwa miaka katika kamati kuu ya chama tawala, MRND, hadi Roma ilipomtaka ajitoe. Muumini wa kawaida hakuwa na haja ya kusoma nyaraka ili ajue nani anakula na nani. Aliwaona wakikaa jukwaa moja.

Hivyo mwezi Aprili 1994 ulipofika, watu walikimbilia makanisani kwa desturi: katika fujo za miaka ya 1959 na 1963 aliyefika misheni mara nyingi alisalimika. Safari hii haikuwa hivyo. Nyamata, Ntarama, Kibuye, Nyarubuye, orodha inachosha. Huko Nyange, kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu waliokuwemo. Padri wake, Athanase Seromba, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha, na mwaka 2008 rufaa ikampa kifungo cha maisha. Watawa wawili Wabenediktini wa Sovu walihukumiwa Brussels mwaka 2001. Na si mbali na Rebero ilikuwapo ETO, shule ya ufundi iliyokuwa chini ya Wasalesiani. Zaidi ya watu elfu mbili walikusanyika humo kwa sababu palikuwa na askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili askari wale waliondoka. Wazungu walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Wakimbizi walisukumwa kwa miguu hadi Nyanza ya Kicukiro na kuuawa huko.

Kumbukumbu ya namna hii haimtoi mtu katika imani kwa njia moja. Kuna manusura ambaye hawezi kuingia jengo lenye benchi na harufu ya ubani. Mwili wenyewe unakataa, na kumwambia habari za mafundisho ni kupoteza muda. Kuna mwingine anayeingia jengo lolote lakini hawezi kupokea komunyo kutoka mkono wa mtu ambaye rohoni anamuuliza ulikuwa wapi. Kuna asiye manusura kabisa, ambaye jamaa zake walishika mapanga wakiwa na rozari shingoni, naye aibu ikamtoa. Wote watatu kwenye sensa wanaonekana ni kitu kimoja.

Kuna pia jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita. Baada ya Julai 1994 walirudi nchini mamia ya maelfu ya Wanyarwanda waliokuwa ukimbizini Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania, wengi wao wakiwa Waanglikana au Wapentekoste tangu huko. Sehemu ya ule mteremko wa kwanza, basi, haikutokana na mtu yeyote kuihama dini yake. Taifa lilibadilika watu.

Lilikuwapo pia simulizi kwamba Wakatoliki wengi waliingia Uislamu, kwa kuwa Waislamu, hasa wa Nyamirambo, waliwaficha majirani zao na kwa jumla hawakujiunga na uuaji. Ushujaa ule ni wa kweli, na wapo waliosilimu kwa sababu yake. Lakini sensa za 2002, 2012 na 2022 zote zinawaweka Waislamu karibu asilimia 2. Simulizi lilipendwa na waandishi wa magazeti ya nje kwa kuwa lilikuwa zuri. Waliotoka Kanisa Katoliki hawakuvuka kwenda mbali hivyo. Walivuka barabara tu. Waprotestanti wa kila aina, wasio Waadventista, walikuwa chini ya asilimia 20 mwaka 1991. Mwaka 2012 walikuwa asilimia 38.

Na wengi hawakutoka. Felicite Niyitegeka, aliyekuwa mlei aliyejitoa kwa Mungu huko Gisenyi, alikataa kuokolewa na kaka yake mwanajeshi kwa sababu hakutaka kuwaacha watu aliowaficha. Akauawa pamoja nao mwezi Aprili 1994, na leo Rwanda inamhesabu miongoni mwa mashujaa wa taifa. Mapadri na watawa wengi waliuawa. Kadinali Antoine Kambanda, Askofu Mkuu wa Kigali tangu 2019, alipoteza karibu familia yake yote. Ukimuuliza Mkatoliki wa Kigali aliyebaki kwa nini alibaki, mara nyingi jibu halitaji Kanisa. Linataja mtu.

Sasa tuje kwenye kutoka kwa pili, kule kwa polepole kusiko na damu. Hapa Rebero yenyewe ni mfano mzuri. Katika kijiji cha Rwanda, Mkatoliki anajulikana kwa jumuiya yake ndogo, umuryangoremezo. Huko ndiko anakoandikwa, anakotolea ituro, sadaka yake ya mwaka, anakopata mtu wa kumthibitishia kwamba mtoto wake abatizwe. Msomaji wa Tanzania anaufahamu utaratibu huu vizuri, pamoja na ukali wake: asiyesali jumuiya, siku ya msiba familia huanza kuhangaika kumtafuta padri. Sasa mtu huyo anahamia Kigali kutafuta kazi, anapanga chumba Gatenga, miaka ikimnyookea anajenga nyumba yenye ukuta na geti mlimani. Jirani hamjui. Jumuiya ya zamani imemfuta, jumuiya mpya haijamwandika. Ituro limelala miaka minne. Hajagombana na mtu wala hajaacha kuamini. Anaona haya tu kwenda ofisi ya parokia kueleza miaka minne ile.

Halafu kuna ndoa. Harusi ya Rwanda ni milima mitatu: gusaba na gukwa, yaani posa na mahari mbele ya jamaa wote, kiapo cha serikali kwenye ofisi ya sekta, kisha kanisani, na ukumbi, na magari, na vinywaji. Vijana wengi hupanda mlima mmoja au miwili, wakaanza maisha, wakazaa. Mbele ya Kanisa Katoliki hao hawajafunga ndoa, na hawawezi kupokea ekaristi. Jumapili ya kwanza wanabaki kwenye benchi wakati wenzao wanapanga mstari. Ya kumi wanakaa nyuma kabisa. Ya ishirini hawaji. Kwangu hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote kati ya zile zinazosemwa kwa sauti ndogo. Sakramenti imefanywa iwe kilele cha kila misa, na umati mkubwa wa waumini wazima, wenye akili na watoto, umeambiwa ukae ukitazama.

Lakini tusiharakishe kusema ukali ndio unaofukuza. ADEPR, kanisa la Kipentekoste lililotokana na wamisionari wa Kiswidi waliofika Gihundwe mwaka 1940, ni kali kuliko parokia yoyote: pombe hapana, mapambo hapana, anayeishi na mwanamke bila ndoa anasimamishwa hadharani. Na bado kanisa hilo peke yake mwaka 2022 lilikuwa na takriban mmoja kati ya Wanyarwanda watano. Tofauti iko baada ya kosa. Anayesimamishwa kule amesimamishwa na watu wanaomjua kwa jina, watakaokuja kwake jioni kuomba naye, na kuna siku itapangwa ya kumrudisha kundini. Mkatoliki wa benchi la nyuma hajasimamishwa na mtu. Hakuna aliyekuja jioni.

Hata uamsho wenyewe, huu wa kuokoka unaowavuta Wakatoliki wa Kigali, si kitu kigeni kwa nchi hii. Katika miaka ya 1930, wakati machifu wakipanga foleni ya ubatizo kwa Mapadri Weupe, kituo cha Kianglikana cha Gahini, mashariki ya nchi, kilikuwa kinawaka moto ambao ulisambaa Uganda, Kenya na Tanganyika na kuwapa Waswahili neno mlokole. Mwamko ule ulidai jambo ambalo dini ya mfalme haikudai: simama, taja dhambi yako kwa kinywa chako mbele ya wote, useme tarehe uliyookoka. Ndilo linaloulizwa bado Gatenga kila Jumapili. Mkatoliki aliyebatizwa akiwa na wiki tatu hana tarehe ya kutaja, na asipokuwa amewahi kufundishwa thamani ya kutokuwa nayo, anajiona mtupu.

Tofauti na Ulaya ni kubwa hapa. Mwaka 2022 Wajerumani zaidi ya 520,000 walijiondoa rasmi katika Kanisa Katoliki. Kwao kuna kodi ya kanisa inayokatwa kwenye mshahara, hivyo mtu huenda ofisi ya serikali, anatia sahihi, anapewa karatasi, na wengi hawaendi kwingine tena. Kigali hakuna karatasi wala sahihi. Hakuna anayetangaza kuwa ametoka. Watu huenda upande wa pili wakiwa na rozari bado kwenye droo, na sensa ya 2022 iliwakuta wasio na dini wakiwa asilimia 3 tu au karibu na hapo.

Kuna waliodhani serikali ingewarudisha waliotoka. Mwaka 2018 Rwanda ilifunga makanisa na nyumba za ibada kwa maelfu kwa kukosa usalama wa majengo, vyoo, vizuia sauti na wachungaji waliosoma. Mwaka 2024 ukaguzi mwingine ukafunga zaidi ya 5,000. Vilivyoumia zaidi ni vikanisa vya kilokole vya mabati na turubai. Parokia zenye majengo ya matofali tangu enzi za Wabelgiji zilipona kwa sehemu kubwa. Lakini sensa ya 2022 ilikuja miaka minne baada ya ufungaji wa kwanza, na asilimia ya Wakatoliki ilikuwa imeshuka bado. Mlokole aliyefungiwa kanisa alitafuta kanisa jingine la kilokole, au alisali nyumbani kwa mwenzake. Kufungiwa mlango mmoja hakumfanyi mtu aupende ule alioutoka.

Na msamaha je? Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliandika kwamba Kanisa lenyewe haliwezi kubebeshwa lawama ya watu wake waliotenda kinyume cha Injili. Waliokosa wajibu kila mmoja kwa lake. Kwa mwanateolojia ile ni kauli yenye mantiki. Kwa aliyemzika mama yake Nyamata ilisikika kama wakili anayemtetea mteja. Ilichukua miaka ishirini zaidi. Mwezi Novemba 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha kwa makosa ya waumini na viongozi wao. Serikali ikasema haitoshi. Tarehe 20 Machi 2017 Papa Fransisko, akiwa na Rais Kagame Vatikani, aliomba upya msamaha wa Mungu kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na watu wake, mapadri na watawa wakiwemo. Waziri wa mambo ya nje wakati ule alikuwa Louise Mushikiwabo, ambaye kaka yake, waziri Landoald Ndasingwa, ni mmoja wa wanasiasa wanaokumbukwa Rebero. Kidiplomasia siku ile ilikuwa na uzito wake. Lakini msamaha ulioombwa Roma haujazi benchi Kicukiro, na asilimia baada ya 2017 haikupanda. Aliyeumizwa na jirani yake hatibiwi na hotuba, hata ya Papa.

Wanaorudi hurudije, basi? Kisa kinachojulikana zaidi Rwanda ni cha Rugamba Sipiriyani, Cyprien Rugamba, mshairi, mtunzi wa nyimbo na mwasisi wa kundi la ngoma la Amasimbi n'Amakombe. Alizaliwa miaka ya 1930, akaingia seminari, na huko huko imani ikamtoka. Akasoma historia Ubelgiji, akarudi kuwa msomi mkubwa wa Butare, mkurugenzi wa taasisi ya utafiti, mtu aliyeona dini ya wazungu ni kitu kilichowapokonya Wanyarwanda utamaduni wao. Mwaka 1965 alimwoa Daphrose Mukasanga, mwanamke wa sala. Ndoa yao ilikuwa na majeraha: Rugamba alimwacha kwa miezi kadhaa kwa uzushi kwamba Daphrose alitaka kumlisha mtu sumu, na yeye mwenyewe akazaa nje. Daphrose aliendelea kusali, na mtoto yule akamlea. Mwaka 1982, baada ya ugonjwa uliomtisha, Rugamba alirudi, na akarudi mzima mzima. Mwaka 1990 wawili hao walianzisha Jumuiya ya Emmanuel nchini, wakawalisha watoto wa mitaani wa Kigali. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994 waliuawa nyumbani kwao pamoja na watoto wao sita. Mwaka 2015 jimbo kuu lilifungua mchakato wa kuwatangaza wenye heri.

Kisa hiki husimuliwa makanisani kama ushindi wa sala ya mke. Mimi hunivutia kwa jambo jingine. Rugamba hakutoka kwa uvivu. Alikuwa na hoja, na hoja yake ya utamaduni ilikuwa nzuri. Hakuna padri aliyeishinda kwa mabishano. Aliporudi, aliileta ngoma yake na ushairi wake ndani, na Wakatoliki wa Rwanda wanaimba nyimbo zake hadi leo. Alirudi mahali palipokubali kubadilika kidogo kwa sababu yake. Ukimlinganisha na kijana wa Rebero anayeulizwa kwanza kadi ya ituro, utaona njia zenyewe hazifanani.

Namna nyingine ya kurudi ni ya ugonjwa na dhiki, na hapa Kanisa Katoliki limejifunza kwa majirani bila kukiri sana. Wanakarismatiki wana sifa zao, kelele zao, maombi yao ya kuponywa. Ruhango, kusini mwa nchi, kwa miaka Jumapili ya kwanza ya mwezi ilikusanya maelfu kwa Yesu Mwenye Huruma, na ekaristi ilipitishwa katikati yao. Kibeho, ambako wasichana wa shule walisema walitokewa na Bikira Maria kuanzia Novemba 1981, na ambako Kanisa lilitambua matokeo hayo mwaka 2001, hufurika mahujaji kila Agosti 15. Wengi wanaokwenda huko hawasali katika parokia zao. Wengine ni walokole wanaojificha kwa kofia. Mtu anaweza kukaa miaka ukingoni hivi, akarudi kwa Maria bila kurudi kwa paroko, na sioni sababu ya kumcheka.

Kuna pia kurudi kwa kawaida kabisa, kusikoandikwa: mtoto wa kwanza anataka kubatizwa, bibi kule kijijini anauliza, wenzi wa miaka kumi na tano wanafunga ndoa pamoja na wenzi wengine ishirini siku moja, bila ukumbi wala magari, kwa sababu paroko aliamua kupanga siku hiyo na akawafuata nyumbani. Ninadhani siku moja kama ile huwarudisha wengi kuliko mwaka mzima wa mahubiri kuhusu familia.

Lakini kurudi kuna upande ambao nchi nyingine hazina, na bila huo uchambuzi wowote wa Rwanda una pengo. Gacaca, mahakama za kijamii zilizosikiliza kesi za mauaji ya kimbari, zilimaliza kazi mwaka 2012 baada ya kesi karibu milioni mbili. Waliofungwa miaka mingi wanaendelea kutoka. Wengi wao walibatizwa Wakatoliki, wengine waliipata imani upya gerezani, na wakitoka wanataka komunyo. Kanisa haliwezi kumkataa mwenye kutubu. Lisingekuwa lile linalodai kuwa. Sasa mweke mtu huyo kwenye misa ya saa moja, na benchi tatu mbele yake mjane ambaye watu wake ndio aliowaua. Mmoja amerudi, mwingine wiki ijayo hatakuja. Mfano wa mwana mpotevu unamjua kaka mkubwa aliyesimama nje akikasirikia karamu, lakini kaka yule alinyimwa mbuzi tu. Huyu mjane alinyimwa wanawe.

Padri Ubald Rugirangoga wa parokia ya Mushaka, jimbo la Cyangugu, aliliona hili mapema. Yeye mwenyewe alipoteza mama yake na makumi ya jamaa, na alimsamehe aliyehusika na kifo cha mama yake hadi akamsomesha mtoto wa mtu huyo. Mushaka waliamua kwamba aliyetoka gerezani kwa mauaji ya kimbari hapokei sakramenti mara moja. Kwanza miezi sita ya mafundisho. Kisha anamwendea manusura, anakiri na kuomba msamaha, na siku ya kupokelewa tena wanasimama wote wawili mbele ya waumini. Manusura naye ana mafundisho yake, hasukumwi kusamehe kwa ratiba ya mtu mwingine. Wapo waliolilaumu jambo hili kwamba linamwongezea adhabu aliyekwisha kutumikia kifungo chake. Nadhani wanakosea. Miezi ile sita inamlinda mjane kuliko inavyomwadhibu mfungwa. Inampa nafasi ya kuwa sehemu ya kurudi kwa mwenzake badala ya kukuta ameshakaa.

Padri Ubald alifariki mwezi Januari 2021. Mpango wake ulifaa Mushaka kwa kuwa kule mkosaji na mkosewa hulima miteremko inayotazamana, na kila mtu anajua nani afuatwe. Mjini si hivyo. Anayetoka gerezani leo hana lazima ya kurudi kijijini alikofanya makosa. Anaweza kupanga chumba chini ya Rebero, akasali asubuhi mahali ambapo hakuna anayelijua jina lake. Anayemdai msamaha yuko Kibuye, au Nyamata, au amehamia mtaa wa pili bila yeye kujua. Paroko mwenye waumini elfu nyingi anamwona mgeni mmoja kwenye foleni ya maungamo, anampa kitubio cha rozari na kumbariki, kama alivyombariki aliyemtangulia.